Kumbukumbu Yenye Pengo

Mackrine alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku moja, ule unaoisha ukilala. Huu ulikuwa uchovu wa kiangazi kizima. Asubuhi na mapema anachuma kahawa na mumewe, Kaijage. Jua likipanda anapika ndizi na maharage. Ikifika saa tatu anamfunga mtoto wao Winston mgongoni, anashuka barabarani kufungua steshenari yake pale senta ya Nyabiyonza.

Steshenari yenyewe ni chumba kimoja. Ndani kuna meza, benchi la wateja, printa, na kompyuta moja tu. Kazi zote zinapita hapo: barua za maombi, mihtasari ya vikundi, picha za fomu. Nje kuna barabara ya vumbi jekundu. Lori la ndizi likipita, chumba kizima kinageuka chekundu. Mackrine anafuta meza. Anafuta skrini. Lakini lile boksi la kompyuta lililokaa chini ya meza hakuwahi kulifungua hata siku moja. Nani anakumbuka kufuta chini ya meza, jamani, na mtoto analia mgongoni?

Jumatatu moja mzee Anastazi alikuja kutoka Rugu. Alivaa koti lake la kanisani.

"Shikamoo, mzee," alisema Mackrine.

"Marahaba, mwanangu. Nimeifuata ile picha ya mke wangu."

Mkewe aliitwa Nyirabageni. Alifariki mwaka uliopita. Jumamosi hiyo familia ilikuwa na misa ya kumbukumbu yake. Mzee alitaka picha kubwa, ya kuweka mbele kanisani. Miaka miwili nyuma Mackrine alimpiga Nyirabageni picha kwa ajili ya fomu ya kikundi cha akina mama. Hakuna picha nyingine. Ile simu iliyotumika ilishapotea. Picha ilikuwa imebaki kwenye kompyuta peke yake.

"Wajukuu wawili wamezaliwa baada yake," alisema mzee. "Nataka wamwone bibi yao."

Jumatatu hiyo umeme ulikatika. Mzee akakaa benchini mpaka saa kumi, akaondoka.

Jumanne umeme ulikuwepo, na mzee alikuwepo mapema. Mackrine akabonyeza kitufe cha kuwashia. Feni ikazunguka. Kisha kompyuta ikalia: pii, pii, pii. Skrini ikabaki nyeusi. Akazima, akawasha. Pii, pii, pii.

"Inasema nini?" aliuliza mzee.

"Sijui, mzee. Haijawahi kulia hivi."

Alimpigia simu fundi Joyness. Joyness ni mwanamke mwenzake, anatengeneza kompyuta kule Kaisho, wilaya ya Kyerwa. Mtandao ulikuwa mbovu. Sauti ilikuja vipande vipande.

"Hiyo ni kumbukumbu," alisema Joyness. "Chomoa umeme kwanza. Kuna kijiti kirefu, chembamba, kimesimama karibu na feni ya katikati. Hiyo ndiyo kumbukumbu. Itoe, isafishe, irudishe. Lakini angalia pengo! Dada, umesikia? Angalia pe..."

Simu ikakatika. Alipopiga tena, haikupatikana.

Mzee Anastazi alikuwa ameinuka benchini. "Amesema mtoe kumbukumbu?"

"Ndiyo, mzee. Isafishwe."

"Kumbukumbu ya nani?"

Mackrine alijua kuchapa na kupanga kurasa. Ndani ya boksi hakukujua. Akamwita mumewe.

Sasa, Kaijage ni mwanamume wa kutengeneza kila kitu. Baiskeli, mlango, pampu ya kupulizia dawa, vyote anavitengeneza, na dawa yake ni moja: samli. Kwao wamefuga ng'ombe tangu babu, na kibuyu cha samli hakikauki. Bawaba ikilia, samli. Ngozi ya mtoto ikipauka, samli. Mpini ukigoma kuingia kwenye jembe, samli kidogo na ngumi mbili.

Alichomoa umeme. Hapo alifanya vizuri. Akafungua boksi kwa ncha ya kisu. Vumbi likamwagika mpaka kwenye viatu vya mzee. Kaijage akapuliza kwa mdomo, puuu, mate na vumbi vikaingia pamoja.

"Waya huu unaniziba," alisema, akauvuta waya mmoja mwembamba, akausukuma pembeni. Kisha akaking'oa kile kijiti. Kilikuwa kibao chembamba cha kijani chenye meno ya rangi ya dhahabu upande mmoja. Akakigeuza kwenye mwanga wa mlangoni.

"Lo! Mama Winston, njoo uone. Meno yamepangwa vizuri, halafu hapa pana pengo. Imeng'oka jino. Imevunjika hii!"

Mackrine akatazama. Kweli, palikuwa na pengo. Na Joyness alisema angalia pengo. Moyo ukamshuka.

Mzee Anastazi alisogea taratibu. Akakitazama kile kibao juu ya kiganja cha Kaijage.

"Hiyo ndiyo kumbukumbu?"

"Ndiyo, mzee."

"Na imevunjika."

"Imevunjika, mzee wangu. Pole."

"Nyirabageni alikuwa humo?"

Mtoto alicheua mgongoni. Mzee akavaa kofia yake.

"Basi nitawaambia watoto tusali bila picha," alisema, akatoka nje polepole.

Kaijage aliona aibu. Na mwanamume mwenye aibu hatulii. Alikimbia nyumbani, akarudi na samli kidogo kwenye jani la mgomba. Akayapaka yale meno ya dhahabu, akakichomeka kile kibao mahali pake. Hakikuingia. Akasukuma. Hakikuingia. Akakusanya ngumi.

"Acha!" Mackrine alipiga kelele. "Baba Winston, acha! Hiyo si jembe!"

"Nakusaidia wewe!"

"Usinisaidie! Nimechoka! Nimechoka na vumbi, nimechoka na umeme, sasa nimepoteza mke wa mtu!"

Akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, akalia. Kaijage akakiweka kile kibao mezani, akafuta samli vidoleni.

Siku ya Jumatano Joyness alipatikana kwenye simu. Alhamisi asubuhi alifika kwa bodaboda, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa amefanya kazi siku mbili mfululizo bila kupumzika. Alikunywa maji vikombe viwili, akapiga magoti chini ya meza, akanusa.

"Dada," alisema, "mbona kompyuta yenu inanukia maziwa?"

Kaijage alitazama barabarani kana kwamba kuna gari analisubiri. Mackrine akaeleza yote, hata kilio. Joyness alitaka kucheka, akajizuia.

"Shemeji, samli ni ya watoto na milango. Humu haiingii."

Wakati huo mzee Anastazi alitokea mlangoni. Hakuitwa na mtu. Alisalimiwa, akaitikia, akakaa benchini mahali pake pale pale.

"Umekuja, mzee?" alisema Mackrine.

"Nyumbani wanapika, wanafagia. Sina kazi. Nikasema nije nikae."

Joyness alianza kazi. Alihakikisha waya wa umeme umechomolewa. Akabonyeza kitufe cha kuwashia, akakishikilia kidogo.

"Kuna umeme unaobaki ndani hata ukichomoa. Hivi unaisha," alisema. Kisha akagusa bati la boksi. "Na mwili wako una umeme wake mdogo. Wewe huusikii, lakini vitu hivi vinausikia, vinakufa. Gusa bati kwanza, ndipo uguse vya ndani."

Akalaza boksi ubavu juu ya meza. Ndani kulikuwa na ubao mpana wa kijani.

"Huu ndio ubao mama. Kila kitu humu kinajishika hapa, na kila kimoja kinamtegemea huyu."

"Wote wanamning'inia?" aliuliza Mackrine, akimpandisha mtoto vizuri mgongoni. "Basi namjua. Mpe pole."

Joyness akacheka, hata mzee akatabasamu kidogo.

"Sasa angalia, dada. Chini ya feni hii kuna soketi. Humo anakaa prosesa, ndiye anayepiga hesabu zote. Kuna vijisindano vyembamba kama unywele, kikipinda kimoja umeumia. Hapo usiguse, niite mimi. Plagi hii pana yenye nyaya nyingi ndiyo inayoleta umeme kwenye ubao. Ina kikucha ubavuni. Unakibana kikucha, ndipo unaitoa. Huvuti nyaya."

"Na hiyo kama sarafu?" aliuliza Kaijage. Hakuweza kunyamaza zaidi.

"Ni betri, shemeji. Kompyuta ikikaa bila umeme, hiyo ndiyo inatunza saa na tarehe. Ukiona kila asubuhi tarehe imepotea, badilisha hiyo. Haya matundu ya nyuma mnayajua: kipanya, printa, skrini. Kila tundu lina umbo lake. Kwa nini, unafikiri?"

Kaijage akafikiri. "Ili nisikosee?"

"Ili usikosee! Walioitengeneza walijua watu kama wewe wapo. Kitu kikigoma kuingia, hakikugomei. Kinakwambia umekigeuza, au mahali si pake."

Akakichukua kile kijiti. Kilikuwa kinang'aa kwa samli.

"Hii mafundi tunaiita ramu. Kwa Kiswahili, kumbukumbu. Na huu mfereji mrefu hapa ni mahali pake. Angalia ndani ya mfereji. Unaona nini?"

Mackrine akainama, akawasha tochi ya simu. "Kuna kama kizuizi kidogo. Kimesimama katikati... hapana, si katikati kabisa. Kimeegemea upande mmoja."

"Sasa tazama pengo la ramu."

Mackrine akatazama pengo. Akatazama kizuizi. Akakigeuza kijiti, akakiweka juu ya mfereji bila kusukuma. Pengo lilikaa juu ya kizuizi, sawasawa.

"Kumbe!" alisema. "Haikuvunjika!"

"Iliumbwa hivyo. Nilikuwa nawaambia muangalie pengo ndipo mjue upande wa kuingizia. Shemeji aliigeuza nyuma mbele. Kizuizi kikamkatalia. Na Mungu ni mwema mlimzuia ile ngumi, maana ubao ungepasuka."

Kaijage alivuta pumzi ndefu. "Pengo ni alama," alisema polepole. "Mimi nikadhani ni kilema."

Mzee Anastazi alikuwa amesimama nyuma yao. "Binti," alimwambia Joyness, "kwa hiyo mke wangu bado yumo humo?"

Joyness akageuka. Alimtazama yule mzee na koti lake, akaacha mzaha.

"Hapana, babu. Humu hakuwahi kukaa. Hii ni kama meza ya kazi. Dada Mackrine akifungua picha, inawekwa mezani hapa aitazame. Umeme ukizimika, meza inafagiliwa, hakibaki kitu. Picha yenyewe inakaa kabatini." Akaonyesha kijisanduku cha chuma pembeni. "Kabati ni hili. Linaitwa diski. Ramu ingepasuka vipande viwili, kabati lisingejua."

Mzee alikinyooshea kijiti kidole. "Hii inasahau kila umeme ukizimika?"

"Kila mara."

"Mbona basi mnaiita kumbukumbu?"

Joyness akakigeuza kijiti mkononi. "Babu, hapo umenishika. Sijui."

Alitoa spiriti na mswaki laini kwenye mkoba. Akasafisha samli kwenye meno ya ramu, na iliyobaki kwenye midomo ya mfereji. Akayasugua meno kidogo kwa kifutio cha penseli. Vumbi akalitoa kwa brashi kavu na kwa kipulizio cha mpira. "Siyo kwa mdomo," alisema, "mate yana maji na chumvi." Wakasubiri mpaka kila kitu kikauke. Mackrine akatamani angeweza kulala pale kwenye kiti. Mtoto alikuwa ameshalala.

"Weka wewe, dada," alisema Joyness.

Mackrine akagusa bati. Akafungua vibano viwili vya mwisho wa mfereji. Akalinganisha pengo na kizuizi. Akabonyeza kwa vidole gumba viwili, pande zote mbili kwa pamoja. Ka! Vibano vikajifunga vyenyewe.

"Hiyo sauti uikumbuke. Ndiyo inayosema imekaa."

Wakarudisha umeme, wakawasha. Feni ikazunguka. Haikulia. Skrini ikaangaza. Mackrine akapiga kofi moja la furaha, kisha mikono ikabaki hewani. Kwenye skrini kulikuwa na mstari mmoja wa maneno meupe. Aliusoma mara mbili. Ulisema diski haionekani.

"Diski," alisema mzee. "Si ndilo lile kabati?"

Mackrine akakaa benchini. Haya yote, halafu kabati halipo?

Joyness hakushtuka. Alizima, akachomoa, akagusa bati, akachungulia. "Shemeji, siku ile ulitoa kitu kingine?"

Kaijage alikuna kichwa. "Kuna kijiwaya. Kilikuwa kinaniziba."

"Kiko wapi?"

Kilikuwa kimejikunja chini ya feni, kichwa kimetazama chini.

"Hiki ndicho kinachopita kati ya kabati na ubao mama. Kikichomoka, kabati lina kila kitu lakini hakuna njia ya kufika. Tazama mdomo wake. Umekunjwa pembeni, kama kiwiko kidogo. Na tundu lake kwenye ubao limekunjwa vilevile. Shemeji, chomeka wewe."

"Mimi?"

"Wewe uliyekitoa."

Kaijage aligusa bati. Akakishika kile kichwa kwa vidole viwili. Mikono yake ilizoea mikungu ya ndizi, si vijiwaya. Akageuza. Hakikukaa. Hakusukuma. Akageuza tena, akalinganisha kiwiko na kiwiko. Kikaingia kilaini, bila samli.

Tangu siku hiyo mambo pale steshenari yamebadilika. Boksi halikai tena sakafuni, limewekwa juu ya kibweta, mbali na mlango. Kila mwisho wa mwezi Mackrine analifungua, anapitisha brashi. Ubavuni ameandika kwa kalamu nene: CHOMOA UMEME. GUSA BATI. TAFUTA PENGO. USILAZIMISHE. Picha za wateja anazinakili kwenye flashi mbili, moja inakaa dukani, nyingine nyumbani kwenye sanduku la nguo. Uchovu bado upo, kahawa hazijachumwa zote. Lakini kompyuta ikilia pii, pii, pii, hashtuki tena. Na samli haijashuka tena barabarani.

Lakini tuirudie Alhamisi ile.

Kompyuta iliwaka, safari hii mpaka mwisho. Kabla ya kitu kingine Joyness aliagiza picha inakiliwe kwenye flashi. Ikanakiliwa. Ndipo Mackrine akaifungua, akaikuza ijae skrini.

Nyirabageni alikuwa amevaa kitenge cha njano. Alikuwa anacheka, kwa sababu siku ile Mackrine alimwambia asicheke. Kati ya meno ya mbele, juu, palikuwa na nafasi ya jino moja.

Mzee Anastazi alivua kofia. Alisogea mpaka mbele ya skrini. Nje lori lilipita, vumbi likaingia, hakuna aliyefuta.

Mackrine alikuwa na desturi yake. Picha za watu alizisafisha kwanza, kovu likafutwa, ngozi ikang'arishwa. Wateja walipenda hivyo. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kipanya.

"Mzee," aliuliza kwa upole, "ni picha ya kanisani. Nikuzibie hilo pengo? Ni dakika moja tu."

"Hapana!" Mzee alisema kwa nguvu, mpaka mtoto akaamka. Kisha akashusha sauti. "Usiliguse, mwanangu. Ukiliziba, nitawapelekea wajukuu bibi wa watu wengine."

Mackrine akaondoa mkono kwenye kipanya, akaiagiza printa. Karatasi ikaanza kutoka polepole, kitenge kwanza, kisha kidevu, kisha kile kicheko. Mzee alikuwa tayari amenyoosha mikono miwili kuipokea.